Mara Tatu Majini

Niliokoka nikiwa natoka nje kumbadilisha mtoto nepi. Sisemi hivyo kwa mzaha. Ilikuwa Jumapili, katika kanisa la mume wangu mjini Kitui, na pasta alikuwa amefika pale mwisho wa mahubiri ambapo kinanda kinapigwa polepole na watu wanaambiwa wafumbe macho. Binti yetu wa kwanza alikuwa na miezi mitano. Alikuwa amechafua nguo zake na zangu, na mlango wa nyuma ulikuwa umezibwa na viti vya plastiki vilivyoongezwa kwa ajili ya wageni. Njia iliyobaki ilikuwa ya mbele, kando ya madhabahu.

Nikasimama, nikamweka mtoto begani, nikaanza kutembea.

"Namwona mama mmoja," pasta akasema kwenye kipaza sauti. "Njoo, mama. Usiogope. Njoo na huyo mtoto."

Ningeweza kuendelea. Mlango ulikuwa hatua sita hivi kutoka nilipokuwa. Badala yake nilisimama mbele ya pasta, mama mmoja wa kwaya akanipokea mtoto na uchafu wake wote, na pasta akaweka mkono juu ya kichwa changu akauliza kama niko tayari kumpokea Yesu. Nilisema ndiyo kwa sababu sikujua mtu anasemaje hapana akiwa amesimama mahali kama pale. Kisha nikalia. Hapo ndipo ninapochanganyikiwa hadi leo. Kusimama kulitokea tu, lakini kile kilio sikukipanga na pia sikuweza kukizuia. Waliimba nyimbo mbili zikaisha nikiwa bado nalia.

Tulipofika nyumbani mume wangu, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi na hupenda mambo yaeleweke, aliniketisha.

"Mbona hukuniambia unataka kuokoka?"

"Nilikuwa naenda kumbadilisha mtoto."

Akacheka. Alipoona mimi sicheki akaacha. "Sasa umeokoka ama hujaokoka?"

"Sijui," nikamwambia.

Shida ni kwamba sikuwahi kujiona kama mtu ambaye hajaokoka. Nilikulia karibu na Kasikeu, katika nyumba ya Wamormoni. Baba yangu alikuwa mjenzi wa nyumba za mawe, na alijiunga na kanisa hilo nikiwa na miaka sita. Vijana wawili wageni, wenye mashati meupe na tai, walimkuta shambani akichimba matuta ya kuzuia mmomonyoko. Walimsalimia kwa Kiswahili cha kitabuni, wakavua tai, wakachimba naye hadi saa sita. Baba alisema hakuwa amewahi kumwona mhubiri akishika jembe. Wiki iliyofuata walirudi, wakachimba tena, na mwisho wa msimu sisi sote tulikuwa tukienda kwenye mikutano yao.

Kitu cha kwanza kilichobadilika nyumbani kilikuwa chai. Kanisa lilikataza majani, kwa hiyo mama alianza kuchemsha maziwa na maji, akatia sukari na tangawizi, akawapa wageni. Huko kwetu mgeni asipopewa chai anaondoka akijua kuna neno. Shangazi yangu alionja, akaangalia ndani ya kikombe, akauliza kama majani yameisha dukani. Mama alicheka huku ameziba mdomo kwa mkono, kama alivyocheka siku zote, akamwambia yameisha kabisa.

Nilibatizwa nikiwa na miaka minane. Nyuma ya nyumba ya mikutano palikuwa na tangi lililojengwa kwa mawe, kazi ya mikono ya baba, na kwa sababu ulikuwa mwaka wa kiangazi, maji yaliletwa na punda kutoka mbali. Baba ndiye aliyenibatiza, yeye na mimi tukiwa tumevaa nyeupe. Aliponizamisha, kidole changu kikubwa cha mguu kikatokea juu ya maji. Kwa desturi yao hata unywele ukibaki nje, lazima kurudiwa. Kwa hiyo baba akanizamisha mara ya pili, akanishikilia kidogo zaidi, na nilipotoka nikikohoa akaninong'oneza, "Sasa umeingia wote."

Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi watu walisimama mmoja mmoja kutoa ushuhuda. Hata watoto. Ulianza na neno "najua": najua kanisa hili ni la kweli, najua Mungu ananipenda. Nililisema neno hilo nikiwa sifikii kipaza sauti, na sikumbuki kama nilijua au nilikuwa nimelizoea.

Mama alifariki nikiwa kidato cha pili. Tukitoka kaburini baba alitushika mikono, mimi na kaka yangu, akasema, "Hatujaachana na yeye. Tutaunganishwa hekaluni, sisi wanne, tuwe familia ya milele." Ibada hiyo hufanyika hekaluni tu, na hekalu la karibu wakati huo lilikuwa Afrika Kusini, na baba hakuwa na pasipoti. Tukangoja. Nilikua na ile ahadi jinsi familia nyingine zinavyokua zikingojea hati ya shamba. Hatukuwa tumeipata mkononi, lakini hatukuwa na shaka ni yetu.

Kisha nikawa fundi wa nguo, nikafungua kibanda Kitui, na mwalimu mmoja akaja kuagiza sare za kwaya ya shule. Baba alipokutana naye alisema, "Kanisa lake halina mamlaka kutoka kwa Mungu, lakini kijana ana adabu." Tukaoana. Karibu na tulipokaa hapakuwa na mikutano ya kanisa letu, kwa hiyo nilimfuata mume wangu kwenye lake. Nilienda kama mtu anayemsindikiza mwenzake sokoni bila kununua kitu. Lakini walikuwa wakiimba! Huko kwetu tulikaa tumekunja mikono, na kelele pekee zilikuwa za watoto wachanga. Hapa mama wa makamo angeweza kulia kwa sauti katikati ya maombi, na jirani yake akamshika tu bega, akaendelea na maombi yake.

Baada ya ile Jumapili ya nepi, mke wa pasta alinichukua katika darasa la waumini wapya. Alikuwa mwanamke mpole. Aliniuliza juu ya kanisa letu bila dharau, akaandika mambo kwenye daftari. Pasta ndiye aliyesema wazi: ule ubatizo wangu wa utotoni haukuwa ubatizo. Ilinibidi nianze upya.

Nilibatizwa mtoni baada ya mvua, pamoja na watu wengine tisa. Maji yalikuwa mekundu kwa udongo. Nilitegemea kile kilio kirudi. Hakikurudi. Nilihisi baridi, na mchanga masikioni, na niliwaza kama vidole vyangu vya miguu viko ndani. Wiki tatu baadaye, nikiwa peke yangu kibandani nikipinda sketi ya shule, kikaja. Nikazima cherehani nikalia hadi mwenye duka la jirani akaja kuuliza nani amefariki.

Nilitakiwa kutoa ushuhuda mbele ya kanisa. Waliotangulia walisema wametolewa kwenye pombe, mmoja kwa mganga. Nilipoinuka mke wa pasta alininong'oneza, "Waambie vile ulitoka gizani." Alikuwa ananisaidia, naelewa. Lakini nilipofungua mdomo nilimwona baba shambani na wale vijana, jembe linapanda na kushuka, na sikuweza kuiita hiyo giza.

"Mimi nimetoka kwa baba yangu," nikasema. Ushuhuda wangu uliishia hapo. Mzee mmoja nyuma akasema amina, na nikarudi kuketi.

Baba nilimweleza mwezi uliofuata. Nilisafiri na mtoto hadi Kasikeu, nikamkuta nje akinoa panga. Mimi nimepewa jina la mama yake, kwa hiyo tangu utotoni ananiita mwaitu, yaani mama yangu.

"Mwaitu, mbona hukusema unakuja?"

"Nimebatizwa, baba."

"Si nilikubatiza mwenyewe. Hata mara mbili."

"Nimebatizwa tena. Kitui."

Aliendelea kunoa. "Kwa mamlaka ya nani?"

"Ya Yesu, wanasema."

"Wanasema." Akaliweka panga chini. "Na wewe unasema nini?"

"Sijui, baba. Nikiwa kule naona ni kweli kabisa. Nikiwa hapa na wewe pia naona ni kweli."

"Haiwezi kuwa zote."

"Hata mimi naona haiwezi."

Alimchukua mtoto, akamzungusha kwenye boma akimwonyesha mbuzi. Alipoketi tena hakugombana nami. Afadhali angegombana. Alisema tu, "Na mama yako?" Kwenye darasa la waumini wapya nilikuwa nimeuliza swali hilo hilo, nikaambiwa kwamba mbinguni hakuna kuoa wala kuolewa, na kwamba mama alikuwa mikononi mwa Mungu. Nililikubali jibu lile darasani. Mbele ya baba sikulirudia.

Kabla sijaondoka aliniomba jambo moja: nisiandike barua ya kuondoa jina langu kwenye kitabu cha kanisa lao. Pasta alikuwa ameniomba niiandike. Sikuiandika na sikumwambia pasta kwamba sitaiandika. Miaka ikapita hivyo. Nikaingia kwaya, nikapata mtoto wa pili, nikafundisha watoto wa Jumapili hadithi za Biblia, na nikampigia baba simu kila Jumamosi tukazungumza juu ya mvua.

Kisha hekalu likajengwa Nairobi, na Jumamosi moja baba hakutaja mvua.

"Tunaenda, mimi na kaka yako. Utakuja?"

"Siwezi kuingia, baba. Sishiriki nanyi tena."

"Najua huwezi kuingia. Nauliza kama utakuja."

Mume wangu alisema niende. Pasta sikumwambia. Niliwapata Malili, kando ya barabara kuu, baba akiwa amevaa suti aliyofungia ndoa, imemlegea mabegani. Pamoja nao alikuwa mama mmoja wa kanisa lao, wa umri wangu, aliyebeba mkoba mdogo wa nguo nyeupe. Yeye ndiye angesimama badala ya mama. Wafu hufanyiwa hivyo: mtu aliye hai anasimama kwa jina lao.

Kule Nairobi nilibaki bustanini, kwenye benchi. Baba na kaka waliingia ndani bila kugeuka. Yule mama alisita, akarudi, akaketi karibu nami.

"Dada, samahani," akasema. "Mama yenu sikumjua. Alikuwa mtu wa namna gani? Nisingependa kusimama pale nikiwa na jina tu."

Nilimweleza. Nilidhani nitasema maneno mawili, lakini nilisema mengi: kwamba alitembea haraka hata akienda mahali ambapo hataki kufika, kwamba alikuwa na kovu la moto kwenye mkono wa kushoto, kwamba aliimba akichambua pojo na akinyamaza ujue kuna jambo. Yule mama alisikiliza akiwa amenishika kiganja. Kisha akaondoka, na mimi nikabaki nimemtuma mgeni akawe mama yangu mahali nisipoweza kukanyaga.

Nilijaribu kuomba. Sikujua niombe nini. Kama jambo lile lilikuwa kweli, nilitaka litendeke vizuri, kila neno mahali pake. Kama halikuwa kweli, nilitaka Mungu asinihesabie kosa kwa kulitamani hivyo. Niliomba yote mawili. Nikaona nimekunja mikono kama mtoto, nikaikunjua, kisha sikujua niiweke wapi.

Walikaa muda mrefu. Walipotoka macho ya baba yalikuwa mekundu. Nilimshika baba mkono tukielekea langoni.

"Imefanyika?"

"Imefanyika."

"Mimi mliniacha nje?"

Alisimama. "Wewe ndiye uko nje, mwaitu. Sisi hatujakuacha." Baada ya hatua chache akaongeza, "Kama pasta wako ndiye mkweli, basi leo nimesumbua watu bure. Na mama yako atanicheka."

Ni mara pekee niliyomsikia akisema "kama" kwenye mambo ya dini. Sikujua kama ananihurumia au kama na yeye hulala na maswali. Sikumuuliza. Niliogopa jibu lolote kati ya hayo mawili.

Tuliingia hoteli ndogo karibu na stendi, tukaagiza ugali na mbuzi. Chakula kilipoletwa kaka yangu alimtazama baba ili aombe, kama kawaida. Baba akanigeukia mimi.

"Omba wewe."

Niliomba kama tunavyoomba Kitui, kwa sauti, maneno yakifuatana, watu wa meza nyingine wakiacha kutafuna. Nilimshukuru Mungu kwa safari na kwa mama. Sikusema yuko wapi wala ni wa nani. Nilipomaliza kaka yangu alikuwa amefumbua macho, yule mama alikuwa bado ameyafumba, na baba akasema amina, akanawa mikono tena ingawa alikuwa ameshanawa, akaanza kula.