Mama Guyo na Maranda ya Paka Wangu

Leo mwizi wangu amekuja kunidai msamaha.

Paka wangu anajisaidia kwa karai la maranda ya mbao kutoka kwa seremala, yale watu hutandikia punda. Ni ya bei rahisi na yananyonya mkojo vizuri. Mama Guyo, jirani yangu hapa kwenye plot yetu mtaani Bulla Pesa, hunicheka kila siku: "Kendi, paka wako amekuwa punda?"

Sawa. Cheka tu.

Asubuhi niliyatoa yaliyotumika nikayatia kwa gunia nje ya mlango. Juu nikamwaga mapya kidogo, nisiwasumbue majirani na harufu. Mimi na heshima zangu!

Kutoka sokoni, gunia hakuna.

Mchana plot nzima ikaanza kunuka mkojo. Moshi ulikuwa wa Mama Guyo. Alikuwa ameyashindilia yote kwa jiko lake la maranda, anapikia wakwe!

Akanijia mlangoni, macho mekundu. "Kendi, umeniaibisha! Kwa nini hukuniambia ni ya paka?"

Ningekuambia saa ngapi, mama? Ukiwa unaiba?

Wakwe wameenda na njaa. Msamaha siombi ng'o.

Na hayo majivu ni yangu pia. Yarudishwe.