Kiti cha Asiyeonekana

Ukungu wa Newala una tabia yake: unasalimiwa na mtu usiyemwona. "Shikamoo!" inatoka ndani ya weupe, unajibu marahaba, hatua zinakwenda zake. Mdogo wangu Ashiru amekulia humo, na nadhani hajatoka mpaka leo. Mwite mara tatu, ataitika ya nne.

Kazi yake ni kuandika programu za ngazi ya chini kabisa ya kompyuta, zile zinazokaa mlangoni mwa mtandao na kuamua nani aingie. Hospitali kadhaa zinamtegemea, naye yuko hapa hapa nyumbani. Mama alipoelezwa alicheka: "Kumbe mlinzi! Na rungu liko wapi?"

Asubuhi moja mlango ukaelemewa. Wauguzi wakashindwa kufungua faili za wagonjwa. Bosi akapiga simu kutoka Dar es Salaam: hali isipotengemaa kufikia saa sita mchana, Ashiru ahamie huko, afanye kazi mbele ya macho yake. Nilikasirika mimi. Mwenyewe alikuwa anatazama kioo cha kompyuta kama mtu anayesikiliza mvua ya mbali.

"Kuna nini humo?" mama akauliza.

"Salamu, mama. Maelfu. Kila anayesalimia, programu yangu inamjibu, inamwekea kiti, inamngoja. Hawaingii. Viti vimekwisha, wageni wa kweli wako nje."

"Nani kakufundisha kumwekea kiti mtu usiyemwona?"

"Si wewe?"

"Mimi? Kwenye ukungu najibu marahaba, halafu nauliza, wewe wa nani? Akinijibu, ndiyo natafuta kiti."

Ashiru akatabasamu. Kisha akaandika upya: kila salamu ijibiwe kwa neno, kila mtu na lake, na kiti apewe atakayerudi nalo tu. Waongo huwa hawangoji jibu. Saa tano na nusu wauguzi walikuwa wanafungua faili, na bosi akapiga tena. "Baki huko huko," alisema.

Nilipiga vigelegele peke yangu, mama hakuwepo. Nikamkuta chumbani kwa Ashiru, anatoa nguo za mwanawe kwenye begi, moja moja. Alikuwa amelifunga tangu ile simu ya kwanza, bila kutuambia, na sasa machozi yalikuwa yanadondokea mashati.

"Sikutaka aende na nguo zenye makunyanzi," alisema.