Mlinzi wa Mkate

Nilimaliza darasa la saba Rulenge nikaishia hapo, kwa hiyo habari ya neno hili naieleza kama nilivyoambiwa. Miaka ya wakimbizi nilikuwa kibarua wa kugawa chakula kambini, huku Ngara. Kila kundi la kaya lilipata magunia yake, nami nikawapimia unga wa mahindi kwa kopo juu ya turubai.

Mzee mmoja, aliyekuwa mwalimu kwao, hakuja hata siku moja kupanga foleni. Alikuja mkewe. Nikaenda kwenye hema lao, nikamwamkia, nikauliza kama anaumwa.

"Marahaba. Siumwi, mwanangu. Unajua Waingereza walilitoa wapi neno lao la kumwita bwana mkubwa, lord?"

"Sijui, mzee."

"Zamani maana yake ilikuwa mlinzi wa mkate. Mkewe, lady, mkandaji wa unga. Mtumishi wao waliyemlisha, mla mkate." Akasema hicho ni Kiingereza cha kale, ndugu wa Kijerumani, kama Kihangaza na Kirundi. "Nilikuwa na migomba na ghala la maharage. Mgawaji nilikuwa mimi. Leo ni mla mkate. Nije nijionyeshe?"

Mkewe alikuwa anapuliza moto. "Na mimi ninayekanda unga wa msaada, ni bibi mkubwa wa wapi?"

Mzee akacheka, lakini kidogo.

Siku ya mgawo nilimwita nikampa kopo agawie kundi lake. Jirani yake akanung'unika, "Atajaza mifuko ya ndugu zake." Sikumlaumu, hata mimi nilikuwa na shaka. Nikasema kwetu Murusagamba anayegawa huchukua wa mwisho.

"Na kwetu ni hivyo hivyo," mzee akasema.

Alipima taratibu, akisawazisha kila kopo kwa kiganja. Zamu yake ilipofika, kopo la mwisho halikujaa. Wote wakanitazama. Nyuma yangu kulikuwa na gunia la kundi jingine. Sikuligusa. Kama ilikuwa haki au woga, mpaka leo sijui.

Yule jirani akafungua mfuko wake, akachota konzi moja, akamwongezea.

"Lete nibebe," mkewe akasema.

"Acha," mzee akasema, akajitwika mwenyewe.

Mgawo uliofuata nilimkuta amefika kabla yangu, anakunjua turubai.