Kitabu Kilichomzuia Nafula

Nakumbuka Ijumaa moja ya miaka ile nilipokuwa Doha, mwanangu, mwanamke aliponiomba nimfungulie kitabu nimwambie kama aende kumwona mama yake au asiende. Nikamfungulia. Hilo ndilo kosa ninalotaka kukusimulia, na nitalisimulia kama lilivyokuwa, bila kulipamba.

Nilikuwa nafanya kazi Al Wakrah, mji ulio kando ya Doha, nyumbani kwa Mzee Salim, Mwarabu wa Oman aliyezaliwa Unguja kama mimi. Alikuwa amestaafu kazi ya mafuta, akazama katika kukusanya vitabu vya kale vya Ulaya, vya aina moja tu. Kila ukurasa una mchoro, juu yake maneno machache ya Kilatini, na chini yake shairi la kueleza funzo la mchoro. Mkono unatokea mawinguni umeshika mizani. Jogoo amesimama juu ya fuvu. Mambo kama hayo. Aliviagiza kutoka minadani, na kikifika kimoja alikinusa kwanza kabla ya kukifungua. Mimi ndiye niliyevitunza. Nilivipangusa vumbi kwa brashi laini, nikaangalia kiyoyozi kisizimike, na kila wiki nikazifunua kurasa zipate hewa. Basi nikajiona mtaalamu.

Ilianza kwa mzaha. Ijumaa mchana, mzee akiwa amelala, dereva wetu Mganda aliingia chumba cha vitabu kupata baridi, akataka nimfungulie ukurasa aone bahati yake. Kwetu nilikwisha kuwaona wazee wakifungua vitabu vyao kumtazamia mtu safari au ndoa, nami nikawaiga mpaka kikohozi. Nikafumba macho, nikafungua, nikamweleza mchoro kwa sauti nzito. Yakatokea kama nilivyosema, au yeye aliamua yametokea. Baada ya hapo wakaja wengine, hata wafanyakazi wa nyumba za jirani. Nilipenda sana kuitwa mwalimu, sikufichi.

Nafula, mpishi wetu kutoka Bungoma, hakuwa akija. Alikuwa mtu wa kanisa, na alituona wajinga. Kwa hiyo siku aliyokuja nilijua amezidiwa. Mama yake alikuwa mgonjwa. Mzee Salim alikuwa tayari kumtolea ruhusa ya kusafiri, lakini mama mwenyewe alimwambia kwenye simu asihangaike.

"Hebu nifungulie, Makame," akasema. "Niende saa hii ama ningoje Krismasi?"

Nikafungua. Mwanamke ameketi juu ya sanduku, na miguuni pake pana nanga.

"Nanga," nikasema. "Tulia. Ngoja."

Akashusha pumzi, akanishukuru. Akangoja. Wiki ya tatu ikaja simu kwamba mama amefariki.

Mzee Salim alipopata habari yote hakunifokea. Alinipeleka chumba cha vitabu, akavuta droo iliyo chini ya kabati. Ilikuwa imejaa karatasi. Kumbe kila kitabu alikitafutia mtu wa kumtafsiria mashairi kwa Kiarabu, ukurasa kwa ukurasa. Droo ile nilikuwa naipangusa kila wiki, kwa nje.

"Umesoma chuo cha Kurani mpaka Kiarabu ukakifahamu," akaniambia. "Haya, soma ukurasa wa nanga."

Nikasoma. Shairi lile lilikuwa la kumcheka mwanamke mfanyabiashara aliyegoma kuuza nguo zake akingoja bei ipande, mpaka zikaliwa na nondo ndani ya sanduku. Hamkuwa na mama mle, wala safari.

"Mimi hivi vitabu navikusanya huu mwaka wa ishirini," akasema mzee, "na sijathubutu kumwambia mtu afanye nini na maisha yake. Wewe umevifuta vumbi tu."

Niliona haya hata nikashindwa kuirudisha droo. Tulikuwa tungali pale Nafula alipotokea mlangoni, kitambaa cha jikoni kingali begani.

"Makame, nifungulie tena," akasema. "Niende kuzika ama nikae?"

Hakusema kwa kejeli, mwanangu. Laiti angesema kwa kejeli. Alikuwa anauliza kweli, na macho yake yalikuwa kwenye kitabu, si kwangu.

"Sijui, dada yangu," nikamjibu. "Hata siku ile sikujua."

Akaenda kufunga mizigo. Hakurudi Doha, na mimi sikumfungulia mtu kitabu tena.

Sasa nawe unasafiri, na huko watu watakuuliza mambo, kwa sababu ugenini kila mtu hutafuta wa kumwamulia. Kama hujui, sema hujui, na useme mapema. Kama liko pahali limeandikwa, vuta droo usome kabla hujafungua kinywa. Na mama yako akikwambia kwenye simu usihangaike, usiulize mtu. Njoo.

Mola akupe ulimi mzito mbele ya mwenye shida, akujaalie wepesi wa kurudi nyumbani, na akukutanishe na wako wangali hai. Amina.