Neno Nililoliruka Hewani

Kuna siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka uso hunishuka mpaka leo, hata nikiwa peke yangu jikoni na hapana anitazamaye. Ya ujana ya kuchekesha ninayo pia, tele, lakini hayafunzi kitu. Nakupa hii kwa sababu nakuona unavyoishika simu yako. Husoma kichwa cha habari, na kabla macho hayajafika chini, kidole kishatuma.

Nilikuwa msichana wakati huo. Nimetoka kwetu Takaungu, nimepanga chumba Kisumu Ndogo pale Malindi, na kazi yangu ni utangazaji. Vituo vya redio vilikuwa ndiyo kwanza vinachipuka huku pwani, na chetu kilikuwa chumba kimoja juu ya duka la vitambaa, kuta zimebandikwa trei za mayai ili sauti isirudi. Niliachiwa kipindi cha Ijumaa alasiri ambacho hakuna aliyekitaka, kipindi cha utafiti. Asubuhi nilikwenda saiba, kwenye kompyuta za kulipia, kutafuta yaliyogunduliwa na wataalamu huko duniani, nikayafasiri kwa Kiswahili, na alasiri nikayasoma. Leo wahandisi, kesho madaktari, mara hesabu za foleni za magari, mara viumbe vya baharini.

Mwanzoni nilisoma kama nilivyokuta. Mtaalamu akisema huenda, nami nasema huenda. Akisema jambo limejaribiwa maabara tu, nami nasema maabara tu. Simu haikulia hata mara moja. Mkuu wetu, Bwana Njoroge, mtu wa bara aliyekuwa na haraka na kila kitu, akaniita.

"Rukia, hizi huenda zako zinalaza watu. Msikilizaji anataka ndiyo ama hapana."

Basi nikaanza kupunguza. Ilianzia kwenye saruji. Nilisoma kwamba wahandisi wanajaribu saruji iliyotiwa vijidudu ambavyo huziba ufa wenyewe. Nikatangaza kwamba saruji isiyopasuka imepatikana. Fundi mmoja wa ujenzi akapiga simu kuuliza inauzwa duka gani, tukacheka. Wiki nyingine ikawa foleni. Wataalamu walikuwa wamepiga hesabu kwenye kompyuta wakaona dereva mmoja akikanyaga breki ghafla anaweza kuzaa msongamano nyuma yake, pasipo ajali wala shimo. Mimi nikasema dawa ya foleni imejulikana. Hakuna gari hata moja lililokuwa limeguswa, mwanangu! Lakini watu wa bodaboda walibishana mpaka jioni, na kila nilipopita sokoni niliitwa kwa jina. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mimi nilikuwa nalitia maji nikiona naliongeza utamu.

Katika wasikilizaji wangu alikuwako Mzee Kahindi, mkulima wa Tezo, ana mikorosho yake na mihogo. Sikuwa nimepata kumwona, namjua kwa sauti tu. Kila Ijumaa simu ya kwanza ilikuwa yake, na maswali yake hayakuwa ya mtu anayetaka kusikika. Niliposoma habari za kasa, kwamba jike husafiri miaka na miaka kisha akarudi kutaga kwenye ufuo ule ule alikozaliwa, Mzee Kahindi alipiga akauliza, "Sasa mwanangu, akirudi akakuta ufuo wake umejengwa hoteli, afanyeje?" Nilicheka hewani, naye akacheka, lakini nilijua hakuwa anachekesha.

Sasa ndiyo tunafika.

Ijumaa hiyo nilipata habari ya majani ya mlonge, huu mlonge wetu wa uani tunaochuma mboga. Maji ya majani yake yalikuwa yameshusha sukari ya panya waliofungiwa vizimbani. Wataalamu wenyewe walionya kwamba kwa binadamu bado haijulikani, na mgonjwa asiache dawa zake. Hayo yote niliyasoma, na niliyaelewa. Sitaki ufikiri kwamba Kizungu kilinipiga chenga.

Nilipokaa mbele ya kipaza sauti nikamfikiria msikilizaji akisikia neno panya. Atasonya, atabadilisha stesheni. Nikaliruka. Na lile onyo la mwisho, kwa kuwa liliufanya utamu wote uwe si kitu, nikaliruka pia.

"Wataalamu wamethibitisha," nikasema kwa ile sauti yangu ya hewani, "majani ya mlonge hushusha sukari mwilini. Dawa mnayo uani, wapenzi wasikilizaji."

Simu hazikukoma. Bwana Njoroge aliniletea soda baridi kwa mkono wake mwenyewe. Mzee Kahindi naye akapata nafasi.

"Rukia mwanangu, mimi nina sukari. Kumbe nimekalia dawa, na kila mwezi napanda gari kwenda hospitali kufuata vidonge!"

"Ndiyo hivyo mzee wangu," nikamjibu, "ulikuwa umekalia dawa."

Tukacheka, yeye na mimi, na pwani nzima ikitusikiliza. Sikumwambia aache vidonge. Wala sikumwambia asiache. Nimejitetea kwa sentensi hiyo ya kwanza kwa muda mrefu, mwanangu, na haijanisaidia kitu.

Zikapita Ijumaa kadhaa Mzee Kahindi hapigi. Nikadhani simu yake imeharibika. Kisha siku moja, kipindi kiko katikati, akapiga binti. Akajitaja kuwa ni Sidi wa Tezo, mtoto wa Mzee Kahindi, anaomba kumtumia baba yake salamu za pole. Ametoka hospitali, amekatwa mguu.

"Pole sana, dada. Ilikuwa ajali?" nikauliza, na tuko hewani.

"Si ajali. Alijikata kidole cha mguu kwa jembe, kidonda kikakataa kupona. Sukari ilikuwa imepanda, alikuwa ameacha dawa. Alikuwa akinywa mlonge."

Alilisema bila hasira, kama mtu anayeeleza njia. Nikaweka muziki, na sijui ulikuwa wimbo gani.

Jumapili yake nikaenda Tezo. Nilimkuta amekaa barazani, mrefu kuliko nilivyomdhania, mguu mmoja wa suruali umekunjwa na kupigwa pini. Redio iko kando yake. Nilipotoa shikamoo tu, kabla sijataja jina, alinijua kwa sauti.

"Marahaba! Mama Sidi, njoo! Rukia wa redio amekuja kwangu!"

Akawaita na majirani. Mama Sidi, mkewe, akaleta kiti akakifuta kwa leso yake. Nikaletewa dafu. Kila aliyekuja aliambiwa kwamba mtangazaji mwenyewe ametoka Malindi kuja kumpa pole Kahindi, na kila mmoja akanishika mkono kwa heshima. Mzee akaanza kunieleza ugonjwa wake. Na hapa ndipo aliponimaliza.

"Labda sikuyachemsha vizuri," akasema. "Wewe ulieleza sawa, kosa langu mimi. Nafikiri niliyatoa jikoni mapema. Au pengine ni mlonge wangu, umeota karibu na choo."

Nilikuwa nimekuja nimejiandaa kukemewa. Kwa mtu anayejilaumu mwenyewe mbele yangu sikuwa na maandalizi yoyote. Nilipaswa kusema pale pale. Nikanywa dafu. Nikasema, "Mungu atakujalia, mzee." Nikaaga.

Mama Sidi akanisindikiza hadi barabarani. Njiani akasimama.

"Mwanangu, nakuuliza kitu. Hao wataalamu, hayo majani waliwanywesha kina nani? Kama kuna mtu yalimfaa, tumjue, tumuulize alivyofanya."

"Panya," nikamjibu.

"Panya?"

"Panya, mama. Watu hawajapewa. Na walisema mgonjwa asiache dawa."

Nilitaka anipige kofi, wallahi ningelipokea. Lakini alichosema ni hiki: "Kila asubuhi mzee huyo ananiuliza kama maji yalichemka sawasawa. Ananiuliza mimi, niliyemchemshia, ingawa mbele yako amejitwika yeye. Nyumba yetu imekuwa hivyo. Rudi ukamwambie, maana mimi nikimwambia ataona nakusingizia."

Nikarudi. Huko kurudi kulinishinda kuliko safari yote ya kuja. Majirani walikuwa bado wapo. Nilitamani niwasubiri waondoke, nikaona huo nao ni ujanja, kwa kuwa sifa yangu walikuwa wameisikia wote. Nikapiga magoti nikamwambia Mzee Kahindi neno nililoliruka, na onyo nililoliruka, na sababu.

"Ulijua?" akaniuliza.

"Nilijua, baba."

"Nilipokupigia, nikasema nina sukari, ulikuwa unajua?"

"Nilijua."

Akanyoosha mkono akaizima redio, ingawa ilikuwa imeshushwa sauti sana, haisikiki. Kisha akasema bila kunitazama, "Mimi umenijia barazani. Na wengine wanaokusikiliza, utawajia wote? Kaseme pale pale uliposemea." Akageuza uso. Majirani walionishika mkono wakati wa kuja hawakunishika wakati wa kuondoka.

Bwana Njoroge hakutaka. Alisema nitakiaibisha kituo, na kwamba watu washasahau. Nikamwambia aliyepoteza mguu hajasahau. Tulivutana mpaka akachoka.

"Haya, sema. Lakini ukimaliza, hicho kipindi si chako tena."

Ijumaa nikasema. Nilisema nilichosoma na nilichokificha, nikawasihi walioacha dawa warudi hospitali siku hiyo hiyo. Sauti ile ya hewani haikuja, ilitoka sauti yangu ya kawaida. Simu zililia, na nyingi zilikuwa za matusi, nami niliyastahili. Lakini iliyonichoma ilikuwa ya mwanamke aliyeuliza polepole kama na mama yake arudie vidonge. Nikaijua sauti. Alikuwa jirani yangu wa Kisumu Ndogo, mlango kwa mlango. Tulikuwa tukichota maji pamoja kila siku, na mamake akinyweshwa mlonge nyuma ya ukuta wangu, na mimi sina habari. Mama huyo, alhamdulillah, alirudi hospitali mapema.

Nikapokonywa kipindi, nikapewa kusoma matangazo ya vifo. Niliyasoma kwa miaka, jina kwa jina, ukoo kwa ukoo, bila kuruka hata shemeji. Mzee Kahindi hakupiga simu tena. Nilimtumia salamu kupitia watu, sikupata jibu, na sikudai.

Kisha Sidi akaolewa, na mwaliko ukanifikia. Nilitaka kutokwenda. Nikaenda, nikakaa nyuma pamoja na wapishi. Mzee akaniona. Akaja kwa magongo yake taratibu, akanishika mkono akanipeleka mbele ya wakwe zake, watu wa heshima. Nilidhani ardhi itapasuka.

"Huyu ni Rukia," akawaambia. "Ndiye mwanangu aliyenidanganya, kisha akarudi mwenyewe kuniambia."

Hakuongeza wala hakupunguza. Wakwe wakanipa mkono. Nami mpaka leo sijui katika maneno hayo ni yapi yaliyoniliza, ya mwanzo au ya mwisho.

Mwanangu, wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Nami sikwambii uiogope elimu. Hao wataalamu hawakunikosea, walisema wanachokijua na wakasema pale kinapoishia. Elimu ya kweli ina mpaka wake umeandikwa juu yake, na anayeufuta mpaka huo ndiye anayeifanya iwe uwongo, hata kama kila neno alilobakiza ni kweli. Basi ukipokea habari, kabla hujaituma, uliza imejaribiwa kwa nani, na wapi, na mwenyewe aliyegundua anasemaje. Wakisema huenda, iache huenda yao mahali pake. Wakisema bado, nawe sema bado. Ukiona neno fulani linakuharibia utamu wa habari, lishike hilo kwa mikono miwili, pengine ndilo lenye uhai wa mtu.

Na ukikosea, maana utakosea, usingoje kuulizwa. Mimi niliulizwa ndipo nikasema, na hiyo ndiyo aibu yangu iliyobaki. Nyingine nimesamehewa. Rudi mapema, nenda kwa aliyeumia, na useme mbele ya watu wale wale waliokusikia ukisifiwa. Uso utakuunguza. Uache uungue, hauui.

Mola akupe ulimi mzito penye haraka na mwepesi penye toba. Akujaalie watu wa kukusikiliza, na akupe kuwahurumia kabla hujawafurahisha. Nyumba yako isiingiwe na ugonjwa kwa neno la mtu, wala nyumba ya mtu kwa neno lako. Amina.