Siku Niliyoonekana Mlevi Kwenye Mazishi ya Baba

Haya, wacha niseme mwenyewe kabla hamjaambiwa na wengine: yule dada wa Kapseret ambaye watu husema alilewa kwenye mazishi ya babake akatapikia maua ya jeneza, ni mimi. Kutapika, nilitapika. Kulewa, hapana, pombe sijawahi kuonja maishani, lakini nenda ukaelezee umati wote ule.

Nina kisukari tangu darasa la tatu. Baba, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, ndiye aliyejifunza kunidunga sindano, maana Mama mikono ilikuwa inamtetemeka, na kila asubuhi akitoka kukamua alikuwa ananawa, anakuja mlangoni, ananiita, "Kuja tumalize kazi." Hata nilipokuwa mtu mzima, najidunga mwenyewe, bado alikuwa ananipigia simu kuuliza kama kazi imeisha. Halafu mwaka huu nikapata pampu, kamashine kadogo kanakokaa kiunoni, kana mrija mwembamba unaoingia tumboni na kukupa insulini kidogo kidogo mchana na usiku. Baba alikageuzageuza, akacheka, akasema, "Sasa hii imeninyang'anya kazi." Haukupita muda, moyo wake ukasimama akiwa zizini.

Basi asubuhi ya mazishi navaa ile nguo yangu nyeusi, fundi ameibana kidogo, na pampu inatokeza kiunoni kama nundu. Tata Wambui, dada yake Baba (mnajua kila familia iko na yule shangazi anayekagua watu mlangoni), akaniangalia juu mpaka chini.

"Na hiyo ni nini? Leo watu wamekuja kumwangalia babako, si wewe."

Nikaona aibu. Nikarudi chumbani, nikachomoa mrija, mashine nikaitia kwenye droo, nikajiambia ni masaa machache tu, nitairudisha tukitoka kaburini. Akili yangu ilikuwa bado ya sindano, mnaelewa? Zamani ile sindano ya asubuhi ilikuwa inakaa mwilini siku nzima, inakushikilia hata ukisahau ile ya chakula. Pampu haina akiba kama hiyo, ukiitoa umebaki mikono mitupu. Nesi wa kliniki alikuwa amenieleza vizuri sana, nami nikatingisha kichwa kama mtu anayesikia. Na juu ya hayo nikanywa chai ya wageni, yenye sukari, kwa sababu nani anakataa chai kwao siku kama hiyo?

Kiu ilianza wakati wa maombi. Nikamaliza chupa ya maji, nikachukua ya ndugu yangu Njoroge, nikaenda choo, nikarudi, nikaenda tena, napita mbele ya tenti kila mara na watu wananifuata kwa macho. Tumbo likaanza kusokota. Nikadhani ni huzuni. Jamani, mtu akifiwa si anaumwa kila mahali?

Emsii, yule anayeongoza ratiba, akaniita niongee kwa niaba ya watoto. Nikashika maiki, ulimi mzito, mdomo umekauka, nikasema, "Baba yetu alikuwa mtu wa... alikuwa mtu wa..." na neno likakataa. Nikaegemea jeneza nisianguke, picha ya Baba iliyokuwa juu yake ikaanguka chini, kioo kikapasuka, watu wakasema "Uuui!" kwa pamoja, na hapo ndipo nikatapika. Juu ya maua. Na maiki bado iko mkononi, imewashwa.

Tata Wambui alinifikia wa kwanza. Sukari ikipanda vile na insulini hakuna, pumzi hunuka kama matunda yaliyochacha, na yeye akainusa.

"Amekunywa! Huyu mtoto amekunywa pombe siku ya kumzika ndugu yangu!"

Maiki ikapeleka maneno hayo mpaka barabarani.

Nilijaribu kukana lakini maneno yalikuwa yanaburuta, na kila nilipofungua mdomo nilionekana mlevi zaidi. Njoroge, ndugu yangu wa tumbo moja, alinishika mkono bila kuniangalia. Mama peke yake ndiye aliyepita katikati ya watu, akanipapasa kiunoni.

"Mashine iko wapi?"

"Kwa droo."

Hakunigombeza. Akamwambia Njoroge alete gari, akaingia chumbani akaitoa, akaniwekea mapajani, akafunga mlango wa gari. Yeye hangeweza kuja. Alikuwa na mume wa kuzika.

Tulipokuwa tunatoka kwa geti niliwasikia wakianza kuimba, wamebeba jeneza kuelekea kaburini shambani. Nilimwambia Njoroge asimame kidogo tu. Hakusimama, na alifanya vizuri, kwa sababu huko hospitali mjini daktari alisema tungechelewa kidogo familia ingekuwa na maiti ya pili. Njoroge naye hakumzika Baba, kwa ajili yangu. Hajawahi kunitajia.

Tata Wambui alielezwa baadaye, akaja wodini na uji, akaangalia ule mrija. "Mimi sikujua," akasema. Kweli hakujua. Mimi ndiye niliyejua.

Siku hizi sichomoi mashine kwa ajili ya nguo wala macho ya mtu, na nikifiwa tena nitaenda nayo hata nionekane nina nundu mbili. Lakini hiyo hainirudishii mazishi ya Baba. Mimi ni kifungua mimba wake, na nikitaka kujua nani alitupa udongo wa kwanza kaburini mwake, lazima niulize jirani.