Cheni ya Kumpeleka Kathiani

Simu iliita wiki jana nikinywa chai. Nikaona ni rafiki yangu, nikapokea bila salamu kama tulivyozoea: "Umeipata?" Sauti ya mwanamke ikauliza, "Huyu ni Cheni?" Nikaitikia. Akanieleza taratibu kwamba yeye ni binti wa mwenye simu, kwamba baba yake amefariki hospitalini, na kwamba anawapigia wote aliowakuta humo. Kumbe kwenye simu ya marehemu sikuwa na jina, nilikuwa Cheni tu. Siwezi kulalamika, kwa sababu kwenye yangu yeye ni Pikipiki mpaka leo.

Tulijuana miaka kadhaa iliyopita katika duka la spea hapa Machakos mjini. Ninayo pikipiki ya Kiingereza niliyorithi kwa baba yangu, mashine nzito iliyoingia nchini kabla ya Uhuru, na siku hiyo nilikuwa nimetundika cheni yake kuukuu kwenye msumari, mpya ikining'inia kando, ili muuzaji aikate zilingane. Ndivyo tunavyonunua vitu huku: unabeba cha zamani, unakilinganisha na kipya, unalipa, unaenda zako. Mzee mmoja aliyekuwa nyuma yangu, mwalimu mstaafu aliyevaa kofia ya sufu katika joto lile, akatuzuia. Cheni iliyotumika sana hurefuka kwa vile pini zake huliwa kidogo kidogo, kwa hiyo ukifuata urefu wake utaondoka na mpya iliyozidi. Hesabu viungo, alisema, achana na urefu. Alijua kwa kuwa alishafanya kosa hilohilo kwenye pikipiki yake, pacha wa yangu kabisa, na cheni ikamtoka mlimani.

Tangu siku hiyo tukawa wawili, na nadhani katika Machakos nzima hapakuwa na wa tatu. Boda boda zimekuja kwa wingi na maduka yakabadilika nazo. Silaumu, muuzaji huweka kinachotoka. Lakini cheni ya boda boda ni nyembamba, pini zake zimekaribiana, na haikai kwenye meno ya sproketi zetu, yale magurudumu yanayoizungusha, hata uibembeleze vipi. Vijana wa dukani walikuwa wakituona tukiingia wanaanza kucheka kabla hatujafungua mdomo. Tulicheka nao. Kuonekana mjinga mkiwa wawili si jambo gumu.

Mwaka huu cheni yake ilikatika, tukaanza kutafuta. Tulipata moja ile ya kisasa, yenye vipete vya mpira vinavyofungia grisi ndani, naye akaipenda sana. Mimi nikakataa. Cheni ya namna hiyo ni pana kuliko ya kawaida, na kwenye mashine zetu ingesugua kifuniko cha injini. Akasema anaitaka kwa sababu haihitaji kupakwa oili kila mara, na siku hizi kuinama kunamchosha. Nikamjibu kuhusu kifuniko. Naye, badala ya kurudi kwenye ile habari ya kuchoka, akanijibu kuhusu kifuniko. Tukaachana hivyo, kila mtu na msimamo wake. Simu zake zilipopungua nilidhani amenuna.

Binti yake alikuwa na ombi. "Baba alikuwa anasema siku yake ikifika, hii pikipiki imtangulie mpaka nyumbani," aliniambia. "Na haiko na cheni. Si wewe ndio ulikuwa unamsaidia kutafuta?" Nikamwambia ataipata. Nilipokata simu ndipo nilipotambua kwamba mtu wa pekee ambaye ningemuuliza kama nimechagua sawa ndiye tunayemzika.

Nilienda Nairobi kuitafuta, duka hadi duka, na mwishowe nikaonyeshwa mbili za vipimo vyetu. Moja ilikuwa ya vipete, nyingine ya kawaida. Nilisimama pale kwenye kaunta kwa muda mrefu mpaka muuzaji akaniuliza kama ninaumwa. Nikachukua ya kawaida. Pikipiki nilikuta imeletwa kwa fundi Machakos mjini. Nikakagua meno ya sproketi kwanza, maana yakishachongoka hula cheni mpya upesi, nikakuta mazima. Alikuwa ameitunza. Nikahesabu viungo, nikafunga loki inayounganisha ncha zake, nikalegeza kidogo inavyotakiwa.

Siku ya mazishi niliondoka na pikipiki yake mbele ya gari la maiti, boda boda zikifuata nyuma kwa honi, tukapanda vilima vya Kathiani kuelekea nyumbani kwake. Nilikuwa nimetega sikio mpaka shingo ikakakamaa. Cheni haikusugua popote. Ilizunguka kimya mlima wote, na kwenye kona ya juu furaha ikanipanda, nikageuka kumwambia kwamba nilikuwa sahihi kuhusu kile kifuniko. Nyuma yangu nikaliona gari lililombeba. Sijawahi kuhisi upweke kama ule, na nilikuwa nikiongoza umati.

Nyumbani watu walinishukuru kwa kuendesha vizuri. Hakuna aliyeuliza habari ya cheni, na kwa nini waulize? Binti yake akanionyesha kibanda alichokuwa akiiweka pikipiki. Mlangoni palikuwa na viti viwili. Akaniambia mama alifariki zamani, na kwamba baba alikuwa akisema iko siku mwenzake wa pikipiki atakuja wazifungue zote mbili waone ndani. Sikujua hata kwamba alikuwa mgane.

Sina somo kubwa la kuwapa wasomaji wangu. Kama yuko mtu mmoja anayejali kitu ambacho wengine wote wanakiona upuuzi, mwulize kwake ni wapi, kisha nenda. Sisi tulizunguka maduka yote ya mji huu pamoja, na kwake nilifika siku ya kumzika.